Fundi Aliniuliza Naona Nini, Nikasema Seva Ipo

Jamani, kosa ni langu, msimtafute mchawi. Mdomo wangu huu, unaochekesha mpaka punda wa Maganzo wanakaa chini, ndio uliopoteza sauti ya marehemu.

Niko kwenye studio ya video za harusi. Shule sijui hata mlango wake ulitazama wapi, kusoma najikongoja. Kazi yangu kufungua, kufagia na kupiga soga na wateja. Video zote zilikaa kwenye boksi moja la diski, linanguruma chini ya meza kama fisi aliyeshiba. Diski ikiharibika, boksi lenyewe linamtumia barua pepe fundi wetu wa Mwanza, anakuja mbio.

Sasa bosi akabadilisha mtandao, na fundi akataka kujua kama boksi bado lina njia ya kutuma barua. Fundi akanipigia.

"Kaka, fungua lile dirisha jeusi la amri kwenye kompyuta. Andika ninavyokutajia, herufi moja moja. Itakuja orodha ya seva za barua pepe, hizo ndizo zinazobeba barua ya boksi mpaka kwangu. Kama hamna hata moja, boksi likiumwa mimi sitajua."

Nikadonoa kama kuku. Wateja wamenizunguka, nimeshawatambia kwamba mashine hii bila mimi haipumui!

Ikaja mistari ya juu, ya vichwa tu. Chini yake, hamna kitu. Giza.

"Haya, unaona nini?"

Ningesema nini mbele za watu wale? Eti sioni? Waseme sijui kusoma?

"Ipo! Tena imenona kama ng'ombe wa mahari!"

Wateja hoi kwa kicheko. Fundi akashukuru, akakata simu.

Ole wangu! Diski moja ikafa, boksi likalia ndani kwa ndani, barua haina pa kutokea. Ikafa ya pili, na boksi huhimili kifo cha moja tu. Tunakuja kushtuka, video zote zimekwenda.

"Ungesema tu hamna," fundi aliniambia, "ningeiweka seva palepale."

Halafu akaja Mama Masanja. Mwanawe, Masanja, alifukiwa na duara, shimo la wachimba dhahabu, kule Mwakitolyo, yeye na simu yake. Harusi yake tuliipiga video sisi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nimekuja kumsikia mwanangu. Pale anaponiita mama kwa Kisukuma, *mayu*, halafu anacheka."

Nikamweleza. Hakunitukana. Heri angenitwanga na mchi! Alikaa tu kwenye benchi, ananitazama.

"Si wewe hodari wa kuiga watu? Harusini ulikuwepo. Hebu nichekee kama yeye."

Jamani! Mimi ninayeiga fisi, mwenyekiti wa kijiji, mpaka treni ya Isaka! Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka.

Ndugu zangu, ukiulizwa unaona nini, na huoni kitu, sema sioni. Watu wakucheke, waende zao. Wale wa kwangu walicheka, wakaenda, hata hawakumbuki.

Mama Masanja bado anapita hapa kila siku ya gulio. Ananisalimia vizuri tu. Heri angenipita kimya.