Sikio Alilolijua Dada

Nilipokuwa mtoto, mafua kwangu hayakuwa ugonjwa, yalikuwa msimu. Kila Julai ukungu uliposhuka Kirua Vunjo na kukalia migomba hadi saa nne asubuhi, pua yangu ilifunga, na baada ya siku mbili tatu sikio la kushoto lilianza. Kwanza maumivu ya kunifanya niupige ukuta mateke, halafu usaha, halafu kimya. Nusu ya dunia ilijifungia mlango hadi Agosti ipite.

Dawa ya mama ilikuwa mafuta ya kondoo aliyoyapasha moto kwenye kijiko, matone mawili, na pamba juu yake. Dawa nyingine ilikuwa dada yangu. Yeye alinitangulia miaka miwili tu lakini alijiona amenizaa. Kitanda chetu kilikuwa kimoja, na yeye ndiye aliyepanga kwamba nilalie sikio bovu, zima libaki juu, ili apate mahali pa kumimina habari zote za siku nzima. Njiani kwenda shule alitembea kuliani kwangu. Kanisani alisimama kuliani kwangu na kunirudishia mahubiri kwa kifupi, mara nyingi kwa kifupi mno. Siku mwalimu mmoja aliponichapa kwa kuwa ameniita mara tatu nisiitike, dada alitoka darasani kwake, akaja na kamasi zake na ujasiri wake, akasema, "Si mkaidi, mwalimu. Msemeshe upande huu." Akamwonyesha kwa kidole.

Naye akachapwa. Tulirudi nyumbani tukicheka, kila mtu na alama zake.

Nilipofika darasa la saba sikio lilikuwa limepona, japo halikuwahi kuwa hodari. Dada hakubadilisha mpango. Tumeolewa, tumezaa, tumeota mvi, lakini tukikutana njiani bado alizunguka kuja kulia. Mimi nilishaacha kuliona hilo.

Kisha tukagombana. Baba alipofariki, dada ndiye aliyebaki na mama kwenye kihamba, shamba letu la ukoo, kwa kuwa mimi nafundisha mjini na nyumba yangu ipo Kiboriloni. Siku moja nikapanda kuwasalimia, nikakuta mibuni ya baba yote imekatwa na mashimo yamechimbwa tayari kwa miparachichi. Hakuniambia hata neno. Mimi nina mdomo, najijua. Nilisimama katikati ya vile visiki nikamwambia mbele ya mama kwamba amemuua baba mara ya pili. Alikuwa na panga mkononi. Akaliweka chini taratibu, akaingia ndani. Tukakaa mwaka na nusu bila kusemezana.

Mwaka huu mwezi wa sita mafua yakaingia shuleni kwetu. Darasa zima likikohoa, mwalimu anaponea wapi? Homa ilinilaza siku tatu. Ya nne niliamka nina nafuu, isipokuwa sikio la kulia limeziba na ndani yake kuna mluzi mwembamba usionyamaza. Sikushtuka. Masikio kuziba kwa mafua nimeyajua tangu utoto, yanaziba na yanazibuka. Nikapasha mafuta kwenye kijiko kama mama, nikatia, nikafunga pamba. Simu ikilia naiweka kulia, siambulii kitu, naitukana mitandao. Nilimpelekea fundi simu nzima kabisa, akaniangalia kwa huruma.

Zilipita wiki tatu kabla sijaenda hospitali. Daktari alikuwa binti mdogo wa kuweza kuwa mwanafunzi wangu, na alinipa shikamoo vizuri. Alichungulia ndani, akasema ngoma ya sikio ni safi, hakuna usaha wala maji. Kisha akagonga kichuma chenye matawi mawili, akakisimamisha katikati ya paji la uso wangu. "Unasikia upande gani, mwalimu?" Kushoto, nikamwambia. Akaandika kitu kwenye karatasi, na mimi nikajua kwamba la kulia halijaziba tu.

Alinieleza kwa upole. Yale ya utotoni yalikuwa ya nyuma ya ngoma: mafua huvimbisha kijia kinachounganisha pua na sikio, maji yanatuama, yanaoza, yakitoka unapona. Haya ya sasa ni ya ndani zaidi, penye mishipa yenyewe ya kusikia. Virusi vya mafua mara nyingine huweza kufika huko, au mwili ukijitetea dhidi yao ukaumia wenyewe, ingawa si kila mara mtu anaweza kusema kwa hakika. Zipo dawa za kujaribu, ila bahati yake iko kwenye siku za mwanzo. Aliniandikia hata hivyo. Nilizimeza zote. Mluzi ulipungua, sikio halikurudi.

Sikumwambia mtu. Mwalimu kiziwi ni kichekesho cha shule, nami nimewahi kucheka. Nikajifunza kusimama pembeni, kugeuza kichwa, kutabasamu nisiposikia.

Ndivyo nilivyokuwa Jumapili ya mavuno nilipopanda Kirua. Baada ya ibada tulitoka nje kwenye mnada wa sadaka, kelele tupu: mzee wa kanisa ananadi mkungu wa ndizi, kuku wanapiga makelele, kwaya bado inaimba. Nilikuwa nimekaza macho kwenye jogoo mmoja mwekundu ambaye nilimtaka kweli. Nikampata. Nilishuka mjini na jogoo wangu, nimefurahi.

Jioni mama akapiga simu. Salamu yangu hakuiitikia.

"Umekataa isale?"

"Isale gani, mama?"

"Dada yako alisimama kando yako pale mnadani, jani mkononi, akakuomba msamaha. Mara mbili. Watu wameona. Hukumgeukia hata kwa jicho. Mwanangu, nimekuzaa mimi?"

Kwetu, mtu akikuletea jani la isale hata kama amekuulia ng'ombe, unapokea. Halikataliwi. Mzazi wangu aliamini nimefanya jambo ambalo yeye, kwa miaka yake yote, hajaliona likifanywa. Nilimwuliza swali moja tu: alisimama upande gani?

"Kulia. Si ndiko anakosimamaga siku zote?"

Nililia nikiwa nimekaa jikoni, jogoo amefungwa mguuni mwa meza akinitazama. Kati ya pande mbili alizokuwa nazo, alichagua ule aliojua nitasikia.

Kesho yake niliomba ruhusa nikapanda. Isale ya baba ingali imestawi mpakani mwa kihamba. Nikachuma jani, nikalifunga fundo. Hofu yangu ilikuwa moja: sikio lililokufa halina kovu. Halivimbi wala halitoi damu, mtu anaweza kusema ni kisingizio tu.

Dada alikuwa uani kwenye kigoda, akimenya ndizi za mtori. Aliliona jani, akaendelea kumenya. Nikavuta kigoda cha pili, nikakaa.

"Dada, sikukataa. Sikusikia. La kulia limekufa tangu mafua ya mwezi wa sita."

Akainua uso. "La kushoto ndilo bovu," alisema, kama mtu anayemsahihisha mtoto.

"La kushoto ndilo lililobaki."

Aliweka kisu chini. Kisha akainuka, akaja nyuma yangu, akakaa kimya. Ndivyo nilivyodhani, kwamba amekaa kimya. Nilikuwa natazama miparachichi yake, ilikuwa imenifika kiunoni na majani yake yanang'aa, nikimngoja aseme. Nilipogeuka nilimkuta ameinama kuliani kwangu, kama siku zote, mdomo unatembea, machozi yanamdondoka kidevuni. Alikuwa akininong'oneza muda wote huo. Alichosema hapo sikijui hadi leo.

Akanyamaza. Akafuta mikono yenye utomvu kwenye khanga, akachukua kigoda chake, akazunguka nacho, akakaa kushoto. Akaliinamia lile sikio la usaha, alilokuwa akilifuta kwa pamba tukiwa wadogo.

"Nisamehe, mdogo wangu, kwa mibuni ya baba."

Jani lilikuwa bado mkononi mwangu. Mimi niliyelileta nilikuwa sijasema langu.