Supu ya Kuleta Maziwa

Kosa langu lilikuwa kuamini kwamba maziwa huletwa na supu peke yake. Mke mwenzangu Naishiye alijifungua mapacha, na maziwa yake hayakuwatosha. Mume wetu alikuwa bomani akimbebea Mjerumani mawe. Mimi, ambaye sijapata kuzaa, nikajitolea kumnyonyesha yule pacha mdogo aliyezidi kukonda.

Mkunga akanielekeza: "Mweke kifuani kila mara, hata kama hakuna kitu, mpaka maziwa yaje. Na supu unywe kidogo, ikusaidie."

Sasa mtoto yule alikuwa na fizi kama koleo. Siku ya pili nikawa namweka asubuhi tu, na supu nikaiongeza kufidia. Ilikuwa ya kondoo aliyechinjwa kwa ajili ya mzazi, mafuta yanaelea juu. Nami ni mtu wa kukaa ndani, chungu na mimi hatuachani. Mtoto akilia, nanywa bakuli jingine kwa huruma. Hesabu ya shule ya misheni ilinihakikishia kuwa mabakuli manne ni maziwa mara nne.

Siku ya kumi mashavu yangu yaling'aa. Naishiye, aliyekuwa akifikiwa na mifupa mitupu, akakaukiwa hata na kile kidogo alichokuwa nacho. Jirani yetu Yeyo Lais akaja kuwaona watoto. Akafunua chungu, akanibonyeza kifua, halikutoka hata tone, akalitazama tumbo langu.

"Mwenzio kazaa wawili," akasema, "lakini ananyonyesha watatu, na anayenyonya kuliko wote ni wewe."