Mabenchi ya Upande wa Wanawake

Kanisa letu liko juu ya kilima, nje ya mji wa Kibondo, njia ya kwenda Mabamba. Limejengwa kwa matofali ya kuchoma, na kuta zake ni nene kiasi kwamba kwenye kizingiti cha dirisha unaweza kumlaza mtoto akalala. Wageni wakitoka Kasulu au mbali zaidi husifu mimbari ya mninga, iliyochongwa mashada ya zabibu ambazo aliyezichonga, naamini, hakuwahi kuzila. Husifu kisima cha ubatizo cha jiwe, kisha hupiga picha altare na reli yake ya kupigia magoti. Sijaona mgeni hata mmoja akipiga picha mabenchi. Ningewashauri wayakalie kwanza.

Upande wa kulia wanakaa wanaume, na mabenchi yao yana egemeo. Upande wa kushoto tunakaa sisi wanawake, na yetu ni ubao wa kukalia na miguu, basi. Nimekua nikiyaona hivyo. Miaka yote nilidhani ndivyo Mungu alivyopenda, au walau ndivyo wamisionari walivyompangia.

Mama yangu alianza kuumwa mgongo mwaka juzi, baada ya mavuno ya maharage. Daktari akamkataza kukaa muda mrefu bila kuegemea. Jumapili za kwanza alijikaza, akawa anatoka kabla ya mahubiri. Baadaye akaacha kwenda kabisa.

Mimi ni fundi cherehani pale mjini. Jumapili moja nilipita kwake baada ya ibada, nikamkuta amekaa kitandani, ameegemea ukuta. Alikuwa ameoga, amevaa gauni lake la kanisani, amejifunga kilemba, kitabu cha nyimbo kiko mapajani. Kumbe kila kengele ilipolia alijiandaa hivyo, akakaa hivyo mpaka ibada iishe, kisha akavua. Nililia, tena kwa hasira. Mtu ameshika dini maisha yake yote, leo anakosa kanisa kwa sababu ya ubao!

Nikaenda kwenye baraza la wazee wa kanisa. Mwenyekiti wao ni mzee mpole, mwenye sauti ya kubembeleza kama anamnywesha mgonjwa uji.

"Mama, tumekusikia," akaniambia. "Ila vifaa vya kanisa hili ni historia. Tukianza kupigilia mbao huku na huku, wajukuu wetu watakuta nini?"

"Watakuta bibi zao wamekaa vizuri," nikamjibu.

Wakacheka, wakashauriana, wakaja na mapendekezo mawili: mama aletewe kiti cha plastiki, au akakae upande wa wanaume. Nikampelekea mama habari hizo.

"Kiti cha plastiki ni cha matanga," akasema. "Nikikikalia watu watauliza nani amekufa. Na huko kwa wanaume wamejaa wakwe zangu. Unataka nibanane na mume wa mdogo wako bega kwa bega? Huo utakuwa ugonjwa mwingine."

Kwetu Waha mkwe huheshimiwa kwa mbali, kwa hiyo hayo mawili nikayaacha. Alichotaka ni mahali pake, benchi la tatu kutoka mbele, kando ya njia ya katikati, alipokaa tangu alipoolewa. Nikaapa kwamba atapakalia.

Nikarudi barazani. Nikarudi tena. Mzee mmoja akanitania kwamba mwishowe nitaota mizizi pale ofisini. Nikamwambia nikiota mizizi itakuwa vizuri, watanipasua mbao za egemeo.

Ilipofika zamu yetu ya usafi, siku ya Jumamosi, nilichukua ndoo na tambara nikaanza kusugua sakafu chini ya mabenchi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama kweli. Kwenye benchi la mama vidole vyangu vikakwaruzwa. Miguu ya nyuma ilikuwa imekatwa sawasawa na ubao wa kukalia. Rangi ilikuwa imepakwa juu yake mara nyingi, lakini alama za msumeno zilikuwa bado zinashikika. Nikapapasa benchi linalofuata, na lililo nyuma yake. Yote yalikuwa hivyo hivyo. Nikavuka kwenda upande wa wanaume. Kule miguu ya nyuma inapanda moja kwa moja na kubeba egemeo. Fundi alikuwa mmoja na mbao zilikuwa za aina moja, ila mabenchi yetu yalikatwa.

Nikamwita mwenyekiti, nikamwomba apitishe kidole pale.

"Mzee, historia yenyewe ndiyo hii," nikamwambia. "Nani alitunyang'anya?"

Alipapasa, akavua miwani, akapapasa tena. "Nilipohamia hapa niliyakuta hivi hivi," akasema. Wiki ile ile baraza likakubali egemeo lirudishwe, kwanza kwenye benchi la mama, mengine yafuate.

Nilikwenda kwa mama mbio, nikimsimulia kila kitu hata kabla sijakaa. Nilitegemea vigelegele. Aliitikia "Ego" tu, ile ndiyo ya Kiha ambayo ukiisikia hujui mtu amefurahi au amekasirika, akaendelea kuchambua maharage. Nikasema moyoni ni maumivu.

Jumapili egemeo likiwa tayari, nilimshika mkono mpaka mahali pake. Alikaa, akaegemea, na nikauona uso wake ukilegea. Nilifurahi kupita kiasi. Nilikaa mabenchi mawili nyuma yake, upande wa dirishani, nikijisifu kimoyomoyo, na wimbo wa kwanza ukaanza.

Akaingia msichana mmoja aliyejifungua mwaka huu, ambaye siku zote hukaa kando ya mama. Mtoto alikuwa amelala mgongoni. Alipokaa, mtoto akagonga ubao, akaamka analia. Msichana akasogea mbele mpaka ukingoni mwa benchi, magoti yakagota benchi la mbele. Akajaribu kumfungua mtoto ampakate, naye ndiyo kwanza akazidisha kilio. Mwishowe akainuka, akasema, "Samahani, bibi," akahamia nyuma. Wa pili mwenye mtoto alikuja, akalitazama benchi, akapita. Na wa tatu vilevile. Kabla wimbo haujaisha mama alikuwa peke yake kwenye benchi zima, na huku nyuma tumebanana. Aliimba akitazama mbele. Hakugeuka hata mara moja.

Njiani kurudi nyumbani ndipo aliposema.

"Uliniambia ulimuuliza mzee nani aliwanyang'anya. Ni sisi."

Akanisimulia huku anatembea polepole. Zamani mwenye mtoto aliambiwa amfungue ampakate, maana kwa egemeo lile hakuna mtoto wa kukaa mgongoni. Mtoto akifunguliwa analia, na akilia mama yake anatolewa nje. Mahubiri waliyasikilizia dirishani, mvua ikiwanyeshea. Waliwaomba wazee mpaka wakachoka. Basi siku moja ya usafi wanawake wakaazima misumeno, wakafunga mlango kwa ndani.

"Benchi letu nililikata mimi," akasema. "Wewe ulikuwa mgongoni. Ulilala mpaka tukamaliza."

Nilisimama katikati ya barabara.

"Sasa, mama, mbona hukuniambia?"

"Mgongo ulikuwa unauma," akasema. "Nilitamani, mwanangu. Nilitamani sana. Kesho mwite fundi aling'oe hilo egemeo. Akichelewa nitalikata mwenyewe, mkono bado ninao."

"Na wewe utakaaje?"

"Nyuma yangu kuna benchi. Wewe una magoti. Utakaa hapo."

"Ibada nzima?"

"Ibada nzima, pamoja na matangazo."

Mwenyekiti aliniuliza kama nina akili timamu. Nikamwambia akamuulize mama, na hakwenda.

Jumapili iliyofuata benchi la tatu lilijaa. Yule msichana alikaa mahali pake, mtoto amelala mgongoni, shavu nono limebonyea kwenye kitenge. Mimi nilikaa nyuma ya mama, nikasogeza magoti mpaka yakamgusa. Aliegemea kwanza kwa kusitasita, kisha akajiachia, uzito wake wote ukaja. Ni mzito kuliko anavyoonekana. Mchungaji akapanda mimbarini, akafungua Biblia, na mapaja yangu yakaanza kufa ganzi. Mahubiri yalikuwa marefu. Sikusogea.