Sahani ya Kwanza ya Uyoga

Jumamosi iliyopita, saa saba mchana, niliketi mlangoni mwa jiko langu Likasi na sahani moja ya uyoga mbele yangu. Beseni lililojaa uyoga mbichi lilikuwa kando, limefunikwa kwa kitambaa. Hilo halikuwa langu. Lilikuwa la binti yangu na watoto wake wawili walioko Lubumbashi, na kesho yake asubuhi nilitakiwa kulipeleka kwa dereva wa basi. Katikati ya wiki binti alikuwa amenipigia simu: "Mama, mvua imeanza. Ututumie bowa, batoto banataka." Bowa ndio uyoga, huku kwetu. Nikamwambia nitatuma. Nilijibu haraka mno, kama kawaida yangu, na simu ilipokatika ndipo nikakumbuka kwamba baba hayupo tena.

Baba yangu alifanya kazi kiwandani maisha yake yote ya utu uzima. Koti lake la kazi lilinuka asidi hata baada ya kufuliwa mara mbili. Lakini ukimwuliza habari za kiwanda, alijibu kwa neno moja, kisha akaanza kukueleza habari za ndege wa porini. Njiani kwenda misa alitusimamisha sote, na viatu vyetu vya Jumapili, ili tutazame siafu wakipita. Alikataa tuwaruke. Tulisubiri wamalize, na mama akasubiri huku amenuna, na tukaingia kanisani padri akiwa katikati ya mahubiri. Akiwa likizo alitupeleka ziwani Tshangalele. Hakuwa na ndoana wala wavu. Alikaa kwenye majani akatazama ndege wa maji toka asubuhi mpaka jua kali, hata wavuvi wakadhani ametumwa kuwapeleleza. Mwisho walimzoea, wakawa wanamletea kiti.

Mvua zilipoanza, alikuwa mtu mwingine kabisa. Siku yake ya mapumziko ikifika, alitoka alfajiri na kikapu, akashika barabara ya Kapolowe mpaka porini, na mimi nilikuwa namfuata kwa sababu ndugu zangu walipenda usingizi. Hakung'oa uyoga. Aliukata kwa kisu kidogo, akaacha ule uliokuwa bado mdogo, kisha akarudisha majani pale alipokata, kama mtu anayemfunika mtoto blanketi. Alinionyesha wa njano, ambao hauna shida. Alinionyesha mweupe, ambao ni mtamu kuliko wote, na akaugeuza mara nyingi mkononi kabla ya kuutia kikapuni. Nilidhani anauchunguza kwa sababu ni mzuri.

Sasa, tulikuwa na desturi moja nyumbani, na desturi hiyo iliniudhi sana. Kikapu kilipofika Jumamosi, mama alipika uyoga wa sahani moja tu, na karanga, na baba akala na bukari yake, ndio ugali, peke yake, mlangoni, mchana kweupe. Sisi watoto tulimeza mate. Uyoga wote uliobaki ulingoja Jumapili baada ya misa, ndipo ukapikwa kwa ajili yetu. Ilikuwa hivyo kila kikapu, kila msimu. Nilikuwa na miaka kumi nilipochoka. Nikasimama mbele yake, na jirani yupo, nikasema kwa sauti, "Papa, weye iko na choyo!"

Mama aliinua mkono anipige. Baba akamzuia. Alicheka mpaka akakohoa. "Njo vile, mwana," akakubali. "Ya kwanza ni yangu."

Hadithi hiyo nikaifanya mzaha wangu. Niliwasimulia marafiki shuleni. Nilimsimulia mume wangu, Mungu amrehemu, na niliisimulia hata siku ya harusi yangu, baba akiwa ameketi pale na suti yake ya kuazima, akicheka kuliko watu wote.

Kitu kingine nilichokisikia kila Jumapili ya uyoga na nisikitilie maanani ni sauti ya mama upande wa pili wa ukuta, kabla hata jogoo wa jirani hajamaliza kuwika: "Papa, umelamuka muzuri?" Na baba: "Nimelamuka." Hapo ndipo mama alipotoka kuwasha moto. Nilijua ni salamu tu za watu wawili waliooana zamani.

Baba alifariki kwa ugonjwa wa kifua, misimu mitatu ya mvua iliyopita. Kwenye kilio, wanawake wakiwa wameketi kwenye mikeka, mimi na mdomo wangu nikaisimulia tena hadithi ya choyo. Wote wakacheka, na kicheko kilitusaidia. Mama peke yake hakucheka. Walipoondoka akaniita chumbani.

Akaniambia kwamba baba, akiwa mtoto kule Kapolowe, alikwenda porini kumtafutia chakula dada yake mdogo. Akarudi na uyoga mweupe, anaringa. Akampikia. Kwa kuwa ulikuwa kidogo na dada alikuwa na njaa, akampa wote, yeye asionje. Kesho yake dada akaanza kutapika, na baada ya siku chache wakamzika.

"Toka pale akaapa," mama akasema. "Miye njo nimechuma, miye njo nitakula ya kwanza, mbele ya bote."

"Na mbona hakutuambia?"

"Mungeogopa pori. Ye alitaka mulipende."

Nilimkasirikia mama kwa kunyamaza. Nilimkasirikia na baba kwa kucheka siku ile ya harusi. Lakini aliyenitia aibu ni mimi, na aibu hiyo sina wa kumpa. Mama sasa anaishi Kolwezi kwa kaka yangu, na masikio yake hayapokei simu vizuri. Nyumba yao nimebaki nayo mimi, na upweke wake nao ni wangu.

Ijumaa nilikwenda porini peke yangu, mara ya kwanza tangu baba afariki. Pahali petu pa zamani pamekuwa visiki na vumbi la makaa, kwa hiyo nikatembea mbele zaidi mpaka nikapata miti. Uyoga ulikuwepo, wa njano na mweupe. Wa njano nilikata bila wasiwasi. Mweupe niliugeuza mkononi, nikaugeuza tena, na mara tatu nzima nikageuka nyuma kuuliza. Binti yangu anaupenda huo mweupe. Nikachukua ule tu niliokuwa na uhakika nao, ingawa uhakika wangu wote ni wa baba. Nikarudisha majani.

Kwa hiyo Jumamosi saa saba nikala, na bukari, mlangoni. Ulikuwa mtamu, na nililia nikiwa natafuna. Nilifikiri kumwambia binti anipigie kesho yake alfajiri, anisikie tu sauti. Nikaacha. Angeniuliza kwa nini, na baada ya hapo asingewapa watoto wake uyoga tena.

Mchana ulikuwa mrefu. Nilifagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiwa. Kila tumbo liliponguruma nilisimama na ufagio mkononi nikasikiliza. Nikasali, nikalala mapema.

Jumapili niliamka kabla ya jua. Tumbo lilikuwa shwari, kichwa chepesi. Jogoo wa jirani aliwika. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, miguu sakafuni, na nikajikuta nangoja. Nilingoja mpaka mwanga ukaingia dirishani, ndipo nikaelewa kwamba nilikuwa nangoja kuulizwa.

"Nimelamuka," nikauambia ukuta.

Kisha nikaenda jikoni kulifunga beseni.