Kizibao cha Mavi ya Fisi

Nilipokuwa darasa la sita kule Mbuba, niliamini kabisa kwamba fisi hachoki. Ndivyo alivyotuambia Mwalimu Sospeter wa michezo, na ndiyo maana alishona kizibao cha gunia, akajaza mchanga kwenye mifuko ya kizibao, na ndani ya mchanga akatia mavi makavu ya fisi. Ukikimbia nacho mwezi mzima, alisema, mwili unazoea mzigo na pumzi ya fisi inakuingia. Siku ya mashindano unakivua, unaruka.

Kilikuwa kimoja tu, na wasichana sita tulikivaa kwa zamu. Hakikufuliwa hata siku moja, eti maji yangeondoa nguvu. Mpaka leo nikikumbuka lile gunia lililolowa jasho la wenzangu likinigusa shingoni, mate ya kichefuchefu yananijaa mdomoni.

Rafiki yangu Edita ndiye aliyekuwa na mbio kuliko sote, kwa hiyo alikivaa zaidi. Mabega yakamchubuka, vidonda vikatunga usaha, inzi wakamfuata hadi darasani. Mwalimu akasema huo ni uzito unaotoka. Siku moja Edita alipopita nyumbani kwetu, Bibi yangu alimwitikia shikamoo yake, akamgeuza auone mgongo wake, akamnusa. Alipoondoka, Bibi akaniambia, "Yule mtoto anaoza. Mwambie aache hicho kitu, kitammaliza magoti."

Sikumwambia. Kesho yake nilimfunga kamba za kizibao kama kawaida.

Siku ya mashindano Edita alikivua, akacheka. "Najisikia kama sina mwili," akasema. Na kweli, mzunguko wa kwanza aliwaacha wote. Wa pili, goti likakataa. Akakaa chini njiani akilishika, na msichana wa Kaniha akampita. Mwalimu alikuja mbio, akaokota kizibao kwanza.

Edita hakukimbia tena.

Sasa nami nafundisha michezo, Biharamulo. Vijana huniuliza kuhusu fulana za vyuma. Nawajibu kwamba mzigo mdogo, kwa mtu mzima anayepumzika vizuri, huenda ukasaidia kidogo. Ule wepesi wa kuuvua ni wa hatua chache tu. Hata Mwalimu simlaani sana, maana aliamini alichosema. Anayenichefua ni mimi mwenyewe. Bibi aliniambia, pua yangu iliniambia, nami nikakaza kamba, kwa sababu asipokivaa Edita, zamu ilikuwa yangu.