Nilimvua Mchumba Wangu Diskimani Masikioni, Sasa Baba Anataka Nimwombe Msamaha

Admin, jina langu lifiche, lakini kisa usikipunguze hata kidogo. Mimi ni mama wa miaka arobaini na nane, mzaliwa wa Nkoaranga. Nina mume na watoto wawili, na nauza miche ya mboga Tengeru. Naandika nikiwa na hasira, mniwie radhi.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa binti wa miaka ishirini na mmoja, nafanya kazi kwenye shamba la maua, kukata na kufunga mawaridi ya kupelekwa Ulaya. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, maduka ya mjini Arusha yamejaa vitu vya Dubai. Nikadunduliza mshahara mpaka nikanunua diskimani, ile redio ndogo ya CD unayotembea nayo na waya masikioni. Kijijini kwetu hakuna aliyekuwa nayo. Ilikuwa na deko kweli, ukitikisika kidogo tu wimbo unaruka, na njia zetu ni mawe na miinuko mitupu. Nikajifunza kupanda nimeishika bapa kiganjani kama mtu aliyebeba bakuli la uji wa moto. Betri zikichoka naanika juani, zinanipa nyimbo mbili tatu za nyongeza. Jamani, nilifurahi! Kazini msimamizi anafoka kutwa, nyumbani kila mtu ana la kunituma, lakini ile safari ya kupanda kurudi nyumbani ilikuwa yangu mimi.

Nilikuwa nimeshachumbiwa. Mchumba nitamwita Eli, si jina lake. Jioni moja mama yake alikuwa njiani na mzigo wa majani ya ng'ombe, akaniita, sikusikia, nikampita bila shikamoo. Hilo ni kosa, na sijawahi kulikataa. Kesho yake nikaenda kwake na sukari, nikapiga magoti, nikamweleza. Yule mama akacheka, akasema, "Hebu nami nisikie hicho kilichokuziba masikio." Nikamvalisha. Kwaya ilipoanza akashtuka, akajishika kichwa: "Mwanangu, wako humu ndani!" Tukacheka mpaka machozi. Yakaisha.

Kwa Eli hayakuisha. Alikuja nyumbani, baba yangu ameketi pale pale, akasema, "Mke wangu hatatembea amezibwa masikio. Nikimwita lazima asikie." Nikamjibu, "Mimi bado si mke wako, na mama ameshanisamehe." Akaingia ndani, akaichukua diskimani mezani, akaondoka nayo. Nikamtazama baba. Baba akatazama chini.

Wiki mbili sikulala vizuri. Nikajiambia labda ameivunja, labda ameitupa mtoni, na niliona afadhali ingekuwa hivyo. Siku ya soko nikashuka Tengeru kununua mahindi. Nani namwona amekaa kwenye benchi la fundi viatu, miguu ameinyoosha, kichwa kinatikisika taratibu? Eli. Diskimani yangu iko mapajani, na CD niliyoinunua mwenyewe inazunguka ndani. Nikamwita mara tatu. Hakusikia!

Nikamsogelea, nikamvua ile waya masikioni mbele ya watu wote, nikachukua mali yangu. Akasimama: "Wewe, unanidhalilisha?" Nikamwambia, kwa sauti, wauza ndizi wakasikia, "Nimekuita mara tatu. Aliyezibwa masikio leo ni nani?" Watu wakaangua kicheko. Nikaondoka bila kugeuka nyuma.

Uchumba ukafa wiki ile ile. Mama yake alinitumia salamu kuwa hana kinyongo na mimi, Mungu amrehemu. Ila baba alikaa karibu mwaka mzima bila kuniita kwa jina langu. Nilikuwa "huyo". Huyo ameshakula? Huyo amekwenda kazini? Nikavumilia, nikaolewa baadaye na mwanaume anayeniheshimu. Diskimani niliitumia mpaka ikachoka yenyewe.

Sasa baba ni mgonjwa, ametolewa hospitali, na hali yake tunaiona. Mwezi uliopita aliniita kitandani akasema hataki kuondoka na aibu ile. Anataka niende kwa Eli, ambaye siku hizi ni mzee wa kanisa, nimpelekee jani la sale la kuombea msamaha, niseme nimekosa. Bila hivyo, baraka yake kwangu hataitamka.

Nikamwambia, "Baba, alichukua kitu changu, akakivaa mwenyewe. Ungekuwepo sokoni ungeona."

Baba akasema, "Nilikuwepo. Nilisimama kwa muuza chumvi. Niliona yote."

Miaka yote hiyo alikuwa anajua! Akaongeza, taratibu kabisa, "Haki ilikuwa yako. Lakini mwanaume havuliwi kitu mbele ya watu."

Kaka yangu ananibembeleza: "Dada, si maneno tu? Yaseme, mzee apumzike." Kwake ni maneno tu. Mimi nina binti wa miaka kumi na tisa, na atakuwa amekaa pale ananisikia mama yake nikikiri kosa la kuchukua kilicho changu.

Eli mwenyewe, nasikia, ameshakubali kunipokea. Kunipokea! Wazee wanakutana Jumamosi hii na mimi nasubiriwa.

Msinijibu kwamba mwanamke hujishusha, hilo nimelisikia tangu utoto. Siendi kumwangukia Eli, nawaambia mapema. Lakini baba yangu nampenda, mimi ndiye ninayemlisha uji kwa kijiko kila asubuhi, na natamani aniwekee mkono kichwani kabla hajafumba macho. Wenye wazazi mnaonielewa, nimwambie nini mzee huyu kabla ya Jumamosi?