Laini Isiyofungwa

Fundi cherehani mmoja mjane, aliyezoeleka mtaani kwa jina la Bi Mkasi, aliibiwa simu sokoni akichagua vifungo. Mwezi ulipoisha ikaja bili ya kumtoa mtu roho, kwani mwizi alikuwa akipiga nchi za mbali kutwa kucha. Akajikokota hadi ofisi ya kampuni ya simu.

"Si mimi niliyepiga, mwanangu," alimwambia binti wa kaunta.

"Nakuamini, mama. Lakini mbona hukutoa taarifa tukaifunga laini?"

Bi Mkasi akainamisha kichwa. Kijana wake wa pekee alikwenda ng'ambo kutafuta kazi, kisha akawa kimya, na namba ya mama yake aliyoijua ni hiyo tu. "Nilihofia mkiifunga, siku akipiga hatanipata. Nikasema bora hata mwizi apokee, amwambie nipo hai."

Binti akajibu taratibu, "Mama, tungekupa laini mpya siku ileile, kwa namba ileile."

Hilo hakuna aliyewahi kumwambia. Akashika ukingo wa kaunta. "Hebu niangalizie, kuna aliyenipigia kutoka huko?"

Binti akatazama kompyuta. Ilikuwepo simu moja, ya wiki iliyopita. Ilipokewa, ikakatwa papo hapo. Wakaipigia namba ile, wakarudia tena na tena. Haikupatikana.

Bili ilipunguzwa nusu. Bi Mkasi alitia saini bila kuuliza, akapokea laini yake, akaketi kwenye benchi la wateja mpaka mlinzi alipomwomba kwa upole atoke, wafunge.